Skenes yupo, wapigaji wako wapi? Jibu kwa mama anayeshabikia Pirates

Swali la msomaji: "Shikamoo mtaalamu. Naishi Pittsburgh, na mwanangu wa kiume ndo alinitia kwenye besiboli, kila siku jezi ni ya Paul Skenes. Mwaka jana tumemuona anarusha mpaka uwanja mzima unasimama, halafu tunapoteza moja bila. Kila winta tunaambiwa timu inajengwa, tuwe na subira. Sasa winta hii naona wamewaleta wapigaji Brandon Lowe na Ryan O'Hearn, watu wanashangilia kama tumeshachukua kombe. Mimi nimechoka. Hii winta ni tofauti kweli au ni yaleyale? Na tiketi za msimu mzima ninunue au nisubiri? Mwanangu nimwambie atafute timu nyingine?"

Jibu:

Marahaba dada yangu, na pole sana, hiyo moja bila naijua inavyouma. Tarehe 18 Mei 2025 kule Philadelphia Skenes alirusha mechi yote peke yake, vipindi 8, akaruhusu hiti 3 na pointi 1 tu, na wenzake wote walioshika gongo siku ile wakashindwa kumletea hata pointi moja ya kusawazisha. Mtu kamaliza mechi mwenyewe halafu kwenye kitabu anaandikwa kapoteza. Mwisho wa mwaka akabeba Cy Young, tuzo ya mrushaji bora, ya National League kwa kura zote, wastani wake ni pointi 1.97 kwa vipindi tisa, katoa wapigaji 216 kwa straiki, na rekodi yake? Kashinda 10 kapoteza 10. Mrushaji bora wa ligi nzima, kumi kwa kumi. Mimi hiyo namba kila nikiiangalia damu inachemka.

Nianze na jibu lenyewe ili usisome mpaka chini ukiwa na roho juu. Winta hii ni tofauti na zilizopita, hilo nakubali na nitakuonyesha wapi. Ila haitoshi, na imekuja imechelewa, na ukitaka kujua kama hawa watu wamebadilika kweli usihesabu majina waliyosajili, angalia miaka waliyoandika kwenye mikataba na angalia watafanya nini Julai dirisha la biashara likikaribia kufungwa. Tiketi za msimu mzima subiri. Nitafafanua.

Kitu cha kwanza ambacho mashabiki wengi wapya hawaelezwi ni saa ya Skenes. Kwenye ligi kuu ya besiboli Marekani mchezaji akipanda anakuwa mali ya timu kwa miaka sita ya huduma kabla hajawa mchezaji huru. Miaka kama mitatu ya mwanzo timu inamlipa karibu na kima cha chini, baada ya hapo unaingia usuluhishi wa mshahara ambapo hela inapanda kila mwaka, halafu ndo uhuru. Skenes alichaguliwa namba moja kwenye drafti ya 2023, akapanda Mei 2024, na kwa kuwa alishinda tuzo ya mchezaji mpya bora ule mwaka akahesabiwa mwaka mzima. Kwa hiyo akimaliza 2029 yuko huru. Mshahara wake wa 2025 ulikuwa dola 875,000. Laki nane na sabini na tano elfu! Kwa mrushaji ambaye kwenye soko huria angelipwa mara arobaini ya hiyo. Winta ya kabla ya msimu huo mpigaji Juan Soto alisaini na Mets dola milioni 765 kwa miaka 15, sasa pima mwenyewe Pirates walikuwa wameshika mali ya namna gani kwa bei ya bure.

Timu yenye akili ikipata bahati hiyo inafanya hesabu moja rahisi sana, inasema huyu tunamlipa kidogo kwa miaka mitatu, hela tuliyookoa kwake tununue wapigaji wa kumzunguka, maana dirisha likifungwa halifunguki tena. Pirates walifanya nini? Waliokoa kwa Skenes halafu wakaokoa na kwa wapigaji pia. Ni mtu kupewa jenereta kubwa la zawadi halafu anabana hela ya dizeli, anakaa gizani na jenereta liko uani.

Tuiangalie winta ya 2024/25 kwa karibu maana ndo iliyotuua. Timu ilikuwa imemaliza 76 kushinda 86 kupoteza miaka miwili mfululizo, 2023 na 2024, na 2024 ilikufa Agosti kwa kupoteza mechi kumi mfululizo. Kila mtu mjini anajua tatizo ni kupiga. Skenes yupo, Mitch Keller yupo na mkataba wa miaka 5 wa milioni 77, Jared Jones kaonyesha dalili nzuri, warushaji wapo. Wanachotakiwa ni wapigaji wawili wa maana. Desemba wakamtoa Luis Ortiz pamoja na vijana wawili warushaji wakamchukua Spencer Horwitz wa besi ya kwanza, nikasema sawa, ni mwanzo. Februari Horwitz akafanyiwa upasuaji wa mkono, akaja kuonekana katikati ya Mei. Na huyo ndo alikuwa usajili mkubwa wa winta!

Waliobaki nakutajia na hela zao ili uone ukubwa wa dharau. Adam Frazier, milioni 1.5. Tommy Pham, milioni 4. Andrew Heaney, milioni 5.25. Caleb Ferguson, milioni 3. Andrew McCutchen, milioni 5. Ukijumlisha wote watano haifiki milioni 20, na wote, kila mmoja, mkataba wa mwaka mmoja. McCutchen mimi namheshimu kuliko karibu mchezaji yeyote aliyevaa ile jezi, alikuwa MVP, yaani mchezaji bora wa ligi, wa 2013, aliirudisha timu kwenye ramani, yule mji wake. Ila mwaka 2025 alikuwa na miaka 38 na walitaka yeye awe sehemu ya jibu la kupiga, hilo sio kosa la McCutchen ni kosa la waliokaa mezani. Na mwisho wa hao watu unaujua, Frazier na Ferguson waliuzwa Julai, Heaney akaachwa Agosti. Mikataba ya mwaka mmoja ndo inavyokuwa, unapangisha mchezaji miezi minne halafu unampeleka kwingine.

Winta hiyohiyo kuna kadi ya Skenes ilitoka, moja tu duniani, ina kipande cha jezi ya mechi yake ya kwanza. Klabu ikatangaza kwamba atakayeipata wakimpa na wao kadi, watampa tiketi za msimu mzima kwa miaka 30. Kijana mmoja wa California akaipata kwenye pakiti, familia ikakataa ile ofa, kadi ikapigwa mnada Machi 2025 kwa dola milioni 1.11, ikanunuliwa na kampuni ya maduka ya michezo ambayo makao yake yako hapohapo nje ya Pittsburgh. Kadi ya Skenes ilikuwa na thamani kubwa kuliko mshahara wa Skenes. Na klabu ilikuwa tayari kutoa tiketi za miaka 30 kwa karatasi, wakati mchezaji mwenyewe kumuongezea mpigaji mmoja wa miaka mitatu imeshindikana.

Matokeo unayajua ulikuwepo. Timu ikaanza 12 kwa 26, Mei 8 kocha Derek Shelton akafukuzwa, Don Kelly akashika, ikaisha 71 kwa 91. Homrani, yaani mipira iliyopigwa ikatoka nje kabisa, 117 msimu mzima, za mwisho kwenye timu zote 30. Pointi 583, za mwisho pia, chini hata ya Colorado Rockies ambao walipoteza mechi 119. Fikiria hilo dada, Rockies walikuwa moja ya timu mbovu zaidi katika historia ya karibuni na bado walipata pointi nyingi kuliko sisi. Oneil Cruz ndo aliongoza timu na homrani 20. Shelton alikuwa na makosa yake lakini ungempa yeyote kile kikosi angefukuzwa Mei vilevile.

Sasa utaambiwa, na hata jirani yako atakuambia, kwamba Pittsburgh ni mji mdogo hauwezi kushindana na Dodgers. Hapa nataka niwe wa haki maana kuna ukweli ndani yake. Ligi hii haina kikomo cha mishahara, ina kodi tu kwa anayevuka kiwango, na Dodgers wana hela ya televisheni ambayo Pittsburgh haitaiona kamwe. Hakuna anayewadai Pirates wamchukue Soto. Lakini ligi hiyohiyo inachukua asilimia 48 ya mapato ya ndani ya kila timu inaweka chungu kimoja na kugawa sawa kwa wote, kwa hiyo timu ndogo zinapokea kutoka kwa kubwa, na juu yake kuna hela za mikataba ya kitaifa ambazo wote wanapata sawasawa. Mwaka 2018 chama cha wachezaji kilifungua malalamiko rasmi dhidi ya timu nne, Pirates ikiwemo, kikidai haziweki hela ya mgao uwanjani inavyotakiwa. Na hapa hakuna kushuka daraja. Sisi tuliokulia kwenye soka hili linatusumbua sana kulielewa, kwetu timu ikizembea misimu miwili inakwenda daraja la chini na mwenye timu anapata hasara mpaka anashika adabu. Kwenye besiboli unaweza ukapoteza mechi 101 mwaka 2021, ukapoteza 100 mwaka 2022, na thamani ya klabu yako ikaendelea kupanda, leo inahesabiwa zaidi ya dola bilioni moja. Bob Nutting, mwenye timu, ndo mwenye usemi tangu 2007. Hakuna kitu kwenye mfumo kinachomlazimisha ashinde. Kinachoweza kumlazimisha ni watu kama wewe na pochi yako, ndo maana swali lako la tiketi nimelichukulia kwa uzito.

Na kama udogo wa mji ndo ugonjwa, basi Milwaukee wangekuwa wameshazikwa. Milwaukee ndo soko dogo kuliko yote kwenye ligi, wako kundi moja na sisi, tunakutana nao kila mwaka, na 2025 walishinda mechi 97, rekodi bora kuliko timu zote 30. Hawakuwa na mishahara mikubwa. Wanajua kulea wapigaji, wanajua kumbadilisha mtu aliyeshindikana kwingine, na wanajua lini wauze. Sisi tulimchukua Henry Davis namba moja kwenye drafti ya 2021 kwa sababu ya kupiga, mwaka 2025 wastani wake wa hiti haukufika .200. Kwa hiyo hununui na hulei, unategemea nini? Ben Cherington, meneja mkuu, kashika usukani tangu Novemba 2019 na hajawahi kumaliza msimu juu ya nusu, yaani kushinda nyingi kuliko kupoteza, hata mmoja.

Wanaosema winta haina maana, timu inajengwa kwa vijana tu, nawarudisha 2012. Pirates walikuwa wametoka kwenye misimu 20 mfululizo ya kupoteza zaidi ya kushinda, kuanzia 1993 baada ya Barry Bonds kuondoka mpaka 2012. Winta ile wakamsajili Russell Martin, kacha aliyekuwa Yankees, miaka 2 milioni 17. Wakamleta na Francisco Liriano ambaye wengi walishamkatia tamaa. Hela za kawaida kabisa hata kwa wakati ule. Msimu ukaja wakashinda 94. Oktoba 1, 2013, mechi ya mtoano dhidi ya Cincinnati Reds, uwanja wetu wa PNC Park umejaa watu wamevaa nyeusi, wanaimba jina la mrushaji wa Reds, Johnny Cueto, wanalivuta kama wanamwita mtoto mtukutu, Cueeee-to, Cueeee-to, mpaka mpira ukamponyoka mkononi ukaanguka chini pale juu ya kilima. Kelele zikaongezeka. Mpira uliofuata tu Martin akaupeleka nje upande wa kushoto. Baadaye akapiga homrani ya pili, Liriano akarusha vipindi 7, ikaisha 6 kwa 2. Sasa niambie, nani walishinda ile mechi? Wachezaji wawili wa winta. McCutchen na vijana wengine walikuwepo tangu zamani, kilichokosekana ni mtu kutoka ndani ofisini kutoa hela kidogo wakati sahihi.

Na winta inaweza kuua vilevile. 2015 walishinda mechi 98, timu nzuri kuliko zote nilizoziona kwa Pirates, wakatolewa na Cubs kwenye mechi moja tu ya mtoano. Timu ya ushindi 98 inaongezewa nguvu, au sio? Wao wakampeleka Neil Walker, mtoto wa palepale Pittsburgh, Mets, wakamchukua Jon Niese. Wakamwacha Pedro Alvarez aende bure. J.A. Happ aliyekuwa amerusha vizuri mno miezi ya mwisho wakamwacha akasaini Toronto, na huko akashinda mechi 20 mwaka 2016. Pirates wakaisha 78 kwa 83 na tangu hapo hawajaona mtoano tena mpaka leo naandika. Niese? Kabla msimu haujaisha alisharudishwa Mets.

Halafu Januari 2018, ndani ya wiki moja, wakamuuza Gerrit Cole kwa Houston na McCutchen kwa San Francisco. Dada hapa naomba usome taratibu. Cole alikuwa chaguo namba moja la drafti, 2011, mrushaji wa kulia mwenye nguvu, kama Skenes. Aliuzwa ikiwa imebaki misimu miwili kabla hajawa huru. Ukiweka kalenda ileile juu ya Skenes, atakuwa huru baada ya 2029, toa miwili, unaangukia winta ya 2027/28. Sisemi lazima itatokea, nasema hii klabu ina tabia na tabia hiyo iko kwenye maandishi, kwa hiyo hiyo "subira" wanayotuomba ina mwisho, na mwisho wake sio mbali. Halafu 2026 ndo mwaka wa mwisho Skenes ni bei chee, baada ya hapo anaingia usuluhishi na mshahara unaruka.

Ndo nije winta hii ya 2025/26. Kwanza sifa wanayostahili wapewe. Iliripotiwa kwamba walimpelekea mpigaji Kyle Schwarber ofa ya miaka 4 milioni 125, yeye akabaki Philadelphia kwa miaka 5 milioni 150. Kuna watu wanaipuuza ile ofa wanasema walijua hatakuja. Inawezekana, lakini Pirates hawajawahi hata kukaribia namba hiyo kwa mchezaji huru, mkataba mkubwa kuliko wote katika historia yao mpaka winta hii ulikuwa wa Bryan Reynolds, milioni 106.75, na yule alikuwa wao tayari. Wakamsajili O'Hearn kwa miaka 2 milioni 29. Unajua mara ya mwisho kumpa mchezaji huru mkataba wa zaidi ya mwaka mmoja ilikuwa lini? Iván Nova, Desemba 2016. Miaka tisa! Nimefurahi wameivunja hiyo, na pia naona aibu kwamba kulikuwa na kitu cha kuvunja.

Lowe kaja kwenye biashara ya timu tatu, Mike Burrows akaenda Houston, sisi tukapata Lowe, Jake Mangum na Mason Montgomery kutoka Tampa Bay. Lowe alipiga homrani 31 mwaka 2025. Kwa timu ambayo kinara wake alikuwa na 20 hiyo sio habari ndogo. Na wote wawili, yeye na O'Hearn, wanapiga kwa mkono wa kushoto, hapa kuna akili imetumika kwa sababu PNC Park upande wa kulia ni karibu, futi 320 kwenye mstari, ingawa ukuta ni mrefu futi 21, wakati kushoto katikati inazama mpaka futi 410, kaburi la wapigaji wa kulia. Johan Oviedo wakamtoa Boston wakamchukua kijana Jhostynxon Garcia, ana nguvu na anapiga kulia, nimeipenda hiyo. Wameongeza na Gregory Soto wa mwishoni mwa mechi.

Ila sasa. Lowe mkataba wake unaisha 2026. Mwaka mmoja tena! Kwenye kulinda besi ya pili sio mzuri, na ukimuweka nyuma ya warushaji kama hawa utaona mipira inapita ambayo ingeshikwa. Horwitz anapiga kushoto, Cruz kushoto, Lowe kushoto, O'Hearn kushoto, na mpigaji wa kushoto kwa kawaida hupata shida kwa mrushaji wa kushoto, sasa timu pinzani ikileta warushaji wa mkono wa kushoto kipindi cha saba tutafanya nini? Cruz mbele ya hao warushaji huwa anapotea kabisa. Na besi ya tatu tangu Ke'Bryan Hayes auzwe Cincinnati sijaona mpigaji wa kuniridhisha pale. Kwa hiyo wamenunua nusu ya walichohitaji, na nusu hiyo sehemu kubwa imepangishwa.

Utasikia sana jina la Konnor Griffin. Ni kweli, yule kijana aliyezaliwa 2006, chaguo namba 9 la 2024, ni moja ya vipaji vikubwa kwenye besiboli nzima na mimi nina hamu naye kuliko mtu yeyote. Lakini mtoto ambaye winta hii hajafika hata miaka 20 asitumike kuwa sababu ya kutonunua. Mlete akiwa tayari, mzungushie watu wazima, asije akabebeshwa mzigo ambao Skenes kabebeshwa.

Na kuna jambo la heshima, nalitaja kwa sababu nahisi ndo limekuchosha zaidi hata kama hukuliandika. Mwaka 2025 kwenye ukuta wa kulia waliondoa nembo ya Roberto Clemente, ile 21 yake, wakaweka tangazo la kinywaji cha pombe. Clemente! Mtu aliyepiga hiti 3,000 kamili na akafa Desemba 31, 1972 kwenye ndege iliyobeba misaada ya watu wa tetemeko Nicaragua, ule ukuta wenyewe una futi 21 kwa ajili ya namba yake. Familia yake ikalalamika, mji ukaja juu, wakarudisha. Halafu matofali yenye majina ambayo mashabiki waliyanunua uwanja ulipofunguliwa 2001, picha zikaonekana yamerundikwa kwenye kituo cha kuchakata taka. Watu walikuwa wameandika majina ya wazazi wao waliofariki mle. Na siku ya ufunguzi wa nyumbani mwaka ule ndege ilipita juu na bango la kumwambia Bob auze timu na uwanja mzima ukaimba vilevile. Wale hawakuwa wahuni dada, ni watu waliokaa tangu kombe la mwisho la 1979 wakisubiri mtu awachukulie kwa uzito.

Kwa hiyo tiketi. Usinunue za msimu mzima mwaka huu, na zaidi ya yote usisaini kitu chochote cha miaka mingi, kwa sababu mkataba kati ya wenye timu na chama cha wachezaji unaisha Desemba 1, 2026, na wenye timu wakifunga milango kama walivyofanya Desemba 2021 hatujui 2027 itaanza lini. Nunua mechi mojamoja. Skenes anarusha kila baada ya siku tano au sita, ratiba ya warushaji inatangazwa siku chache kabla, subiri jina lake ndo ununue, hela ileile unampeleka kijana wako kumuona Skenes mara kadhaa badala ya kulipia mechi 81 ambazo nyingi utaenda Jumatatu usiku na baridi.

Kuhusu kijana kutafuta timu nyingine, hapana, mwache. Ana bahati ya kukua akimuona mrushaji ambaye watu wa miji mingine wanakata tiketi ya ndege kumuona. Wewe kwa upande wako mwishoni mwa Julai dirisha la biashara likikaribia kufungwa mwangalie Lowe. Kama timu iko juu ya nusu na wanaongeza mpigaji wa kulia, basi ofisini kuna kitu kimebadilika. Kama wako mechi nne tu nyuma na wamemuuza Lowe kwa vijana wawili wa ligi za chini, utakuwa umeshapata jibu la 2027 na hela yako bado iko mfukoni. Na Skenes wakimwekea mezani mkataba mrefu wa hela za kweli kabla hajaingia usuluhishi, akasaini, siku hiyo mimi mwenyewe nitakuambia nenda kanunue za msimu mzima, wewe na mwanao, upande wa besi ya tatu ambako unaliona daraja la Clemente vizuri.